Mtu mweusi haelei majini? Muulize Nesty

Ukikaa kando ya kidimbwi cha kuogelea siku ya Jumamosi, iwe ni Nairobi, Nakuru au Mombasa, hukosi kulisikia neno hili: "Sisi na maji hatupatani. Mifupa yetu ni mizito." Mara nyingi anayelisema ni baba mzima, suruali ameikunja hadi magotini, miguu ameitia majini, huku wanawe wakirushiana maji katika upande usio na kina. Hulisema kwa mzaha na waliomzunguka hucheka. Lakini mzaha huo una ubaya wake. Mtu akishaamini kwamba mwili wake umeumbwa kuzama, hatajifunza kuogelea, na wala hatawatafutia wanawe mtu wa kuwafunza. Basi siku atakapoteleza akaanguka majini, hana la kujitetea nalo.

Imani hiyo haiko kwetu tu. Mnamo Aprili 1987, Al Campanis, aliyekuwa msimamizi mkuu wa klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers nchini Marekani, aliulizwa kwenye televisheni ni kwa nini watu weusi hawapewi vyeo vya uongozi katika mchezo huo. Katika kujibu akaingiza na habari za kuogelea, akidai kuwa watu weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu miili yao haielei. Kelele zilizofuata zilimlazimu kuacha kazi katika muda wa siku mbili.

Wakati Campanis akisema hayo, kijana mweusi wa miaka 19 alikuwa akifanya mazoezi kidimbwini katika jiji la Jacksonville, jimbo la Florida, katika nchi hiyo hiyo ya Marekani. Jina lake ni Anthony Nesty. Juma hili nataka tumwangalie yeye, kwanza akiwa mwogeleaji na kisha akiwa mkufunzi, kwa maana naona maisha yake yana mafunzo ya afya kuliko hotuba nyingi ambazo tumezisikia.

Mapafu ndiyo maboya

Kabla ya hayo, tulimalize hili la mifupa. Kitu huelea kikiwa chepesi kuliko maji ya ujazo ule ule. Misuli na mifupa ya binadamu ni mizito kuliko maji, mafuta ya mwilini ni mepesi, na mapafu yaliyojaa hewa ni mepesi kupita yote. Mapafu ya mtu mzima huweza kubeba lita 5 au 6 za hewa. Hebu fikiria mtungi wa plastiki wa lita 5, mtupu na uliofungwa vizuri, jinsi unavyokataa kuzama hata ukiusukuma kwa mikono miwili. Wewe una mtungi kama huo kifuani. Ukivuta pumzi ukakijaza kifua, mwili wako unakuwa mwepesi kuliko maji, ingawa kwa kiasi kidogo tu. Ukiitoa pumzi yote, utaanza kwenda chini taratibu, na Mzungu vilevile.

Ni kweli kwamba watu hatulingani. Kijana mwembamba mwenye misuli hupata taabu kuelea kuliko mama mnene, na wanaume wengi miguu yao hushuka kwanza. Ni kweli pia kuwa madaktari wanaopima mifupa wamepata tofauti ndogo za wastani baina ya makundi ya watu. Lakini tofauti hizo ni ndogo mno mbele ya lita 5 za hewa. Kinachowazamisha wengi ni hofu. Mwenye hofu hukaza shingo, hukiinua kichwa juu ili apate hewa, na kichwa kikiinuka miguu hushuka. Halafu hushika pumzi kidogo kidogo, akaipoteza kwa kupiga kelele. Hapo huzama, kisha watu husema ni mifupa.

Jambo jingine ni kwamba mwogeleaji wa mashindano haelei tu, bali huenda. Mtu akienda kwa kasi maji humbeba, jinsi yanavyobeba mashua iendayo mbio. Na nguvu za kwenda hupatikana kwa mazoezi, mazoezi yanahitaji kidimbwi, na kidimbwi kinahitaji mtu wa kufundisha. Yeyote anayetaka kujua kwa nini jamii fulani haina waogeleaji, aanze kwa kuhesabu vidimbwi vyake kabla ya kupima mifupa ya watu.

Kidimbwi kimoja nchi nzima

Nesty alizaliwa Trinidad tarehe 25 Novemba 1967, akapelekwa Suriname angali mtoto mchanga. Suriname ni nchi iliyo kaskazini mwa Amerika ya Kusini, yenye misitu mingi na watu wachache. Ilitawaliwa na Waholanzi hadi mwaka 1975, na ikapata uhuru siku ile ile Nesty alipotimiza umri wa miaka 8. Katika miaka ya 1980 wakazi wake hawakufika nusu milioni, na kidimbwi chenye urefu wa mita 50, urefu ule unaotumika katika Olimpiki, kilikuwa kimoja tu nchini kote.

Mwaka 1984 alikwenda Los Angeles kuiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki akiwa na umri wa miaka 16. Katika mita 100 mtindo wa kipepeo alimaliza katika nafasi ya 21. Kwa kijana wa umri huo, aliyetoka katika nchi ya kidimbwi kimoja, hilo halikuwa jambo dogo, lakini lilionyesha pia kuwa nyumbani amefika mwisho wa njia. Akapelekwa Jacksonville katika shule ya Bolles, ambako waogeleaji walikuwa chini ya mkufunzi Gregg Troy, mtu anayejulikana kwa kuwapa wanafunzi wake mazoezi ya masafa marefu bila huruma.

Likumbuke jina hilo la Troy, kwa sababu litarudi.

Mwaka 1987, miezi michache baada ya maneno ya Campanis, Nesty alishinda dhahabu ya kipepeo katika Michezo ya nchi za Amerika iliyofanyika Indianapolis. Hata hivyo, alipofika Seoul mwaka uliofuata, hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Wote walikuwa wakimtazama Matt Biondi, Mmarekani mrefu ambaye alitoka katika michezo hiyo na nishani 7, tano kati yazo zikiwa za dhahabu.

Sentimita mbili za Seoul

Huenda hujauona mtindo huu wa kipepeo, kwa hiyo acha niueleze. Mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja juu ya maji, kisha huvutwa chini ya mwili hadi mapajani, huku miguu ikiwa imeshikana na kupiga maji kama mkia wa pomboo. Ni mtindo wa kuchosha kuliko yote. Mabega huwaka, moyo hupiga kama ngoma, na kuelekea mwisho wa mita 100 misuli huwa inafanya kazi kwa kasi kuliko hewa inavyoletwa na damu, hata mikono inakuwa mizito kama imefungiwa mawe. Sheria inamtaka mwogeleaji aguse ukuta kwa mikono miwili kwa wakati mmoja.

Fainali ilikuwa tarehe 21 Septemba 1988. Biondi aliongoza, na zikiwa zimesalia mita chache bado alikuwa mbele. Kisha akajikuta mahali pabaya: ukuta uko mbali kidogo asiweze kuufikia, na uko karibu mno asiweze kupiga pigo zima jingine. Akachagua kunyoosha mikono na kuteleza. Mtu anayeteleza majini hupoteza kasi upesi sana. Nesty hakuteleza. Pigo lake la mwisho lilimfikisha ukutani likiwa bado lina nguvu. Saa ikaonyesha sekunde 53.00 kwa Nesty na 53.01 kwa Biondi, naye Andy Jameson wa Uingereza akawa wa tatu.

Piga hesabu mwenyewe. Anayekwenda mita 100 kwa sekunde 53 husafiri karibu sentimita 2 katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Huo ni upana wa kidole gumba.

Alikuwa mwanamume wa kwanza mweusi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika kuogelea kwa mtu mmoja mmoja. Kabla yake Enith Brigitha, binti wa kisiwa cha Curaçao aliyeogelea kwa niaba ya Uholanzi, alikuwa amepata nishani mbili za shaba mwaka 1976 huko Montreal. Nyumbani Suriname walitoa stempu yenye sura ya Nesty, wakatengeneza sarafu za ukumbusho, na jumba la michezo la jijini Paramaribo likaitwa kwa jina lake. Alishinda tena ubingwa wa dunia mwaka 1991 huko Perth, Australia, na mwaka 1992 akapata shaba katika Olimpiki ya Barcelona. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris ya 2024, nishani hizo mbili, dhahabu ya Seoul na shaba ya Barcelona, ndizo pekee ambazo Suriname ilikuwa imewahi kupata katika Olimpiki.

Miaka ishirini ya usaidizi

Mwanamichezo anayestaafu huingia katika kipindi kigumu ambacho watu hawakizungumzii. Mwili uliozoea kazi ya saa nyingi kila siku unasimama ghafla. Hamu ya chakula inabaki ile ile, kazi inapungua, uzito unaongezeka. Usingizi hubadilika. Zaidi ya yote, kichwani kunakuwa na uwazi, kwani mtu aliyekuwa akijua kila asubuhi anaamkia nini, sasa hajui. Wengi huingia katika pombe. Wengine hutaka wapewe timu kubwa mara moja kwa sababu waliwahi kuwa mabingwa.

Nesty alirudi kuwa msaidizi. Alikuwa amesomea Chuo Kikuu cha Florida mjini Gainesville, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akarejea huko kufanya kazi chini ya Gregg Troy yule yule wa Jacksonville. Mwaka 1998 jina lake liliingizwa katika jumba la kimataifa la heshima za waogeleaji, mahali ambapo mtu huwekwa kama amekwisha maliza kazi. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Kwa karibu miaka 20 alisimama ukingoni na saa mkononi, akihesabu mapigo ya watoto wa watu wengine. Mwaka 2018 Troy alipoondoka, Nesty akawa mkufunzi mkuu wa wanaume, na mwaka 2021 akakabidhiwa timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake.

Kwa maoni yangu, hii miaka 20 ndiyo iliyomfanya. Bingwa anapoanza kufundisha mapema mno, hatari ni kwamba hudhani kila mwili ni kama wake. Hutaka wanafunzi wafanye alivyofanya yeye. Sasa angalia ajabu hii: Nesty alikuwa mtu wa sekunde 53, kazi ya nguvu nyingi kwa muda mfupi. Lakini wanafunzi wake waliotajika zaidi ni watu wa masafa marefu, wanaokaa majini robo saa nzima bila kusimama. Hao ni miili tofauti kabisa. Anayeogelea mita 100 huishi kwa akiba ya nguvu iliyo ndani ya misuli. Anayeogelea mita 1,500 huishi kwa moyo na mapafu, na akianza kwa pupa hulipa deni lake kabla hajafika nusu.

Bobby Finke ni mmoja wao. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alishinda mita 800 na mita 1,500, na zote mbili alizishinda kwa namna moja. Alikaa nyuma ya wenzake kwa utulivu, kisha katika mita 50 za mwisho akawapita wote. Mita hizo 50 alizimaliza kwa chini ya sekunde 27, baada ya kuwa amekwisha ogelea mita 750 katika shindano moja na mita 1,450 katika jingine. Msomaji anayeanza mazoezi, awe ni wa kukimbia Karura au wa kuogelea, angefaidika kwa kutazama hilo. Wengi wetu hufanya kinyume: tunatoka mbio kama tunakimbizwa na mbwa, tunachoka baada ya dakika 4, tunarudi nyumbani na kusema mazoezi hayatufai.

Mwaka huo huo wa 2021 Katie Ledecky, ambaye tayari alikuwa mwanamke mwogeleaji wa masafa marefu aliyetia fora kuliko wote duniani, alihamia Gainesville ili afunzwe na Nesty. Huko hufanya mazoezi pamoja na wanaume. Wengi walidhani siku zake nzuri zimepita. Mnamo Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 28, aliogelea mita 800 kwa dakika 8 na sekunde 4.12, akavunja rekodi yake mwenyewe aliyoiweka mwaka 2016 akiwa na miaka 19. Mwili wa miaka 28 hauponi haraka kama wa miaka 19, na kuufanya uende kasi zaidi kunahitaji mtu anayejua siku ya kuongeza na siku ya kupunguza.

Kupumzika nako ni kazi

Hapa ndipo penye somo ambalo ningependa wazazi na wakufunzi wetu walisome mara mbili.

Caeleb Dressel alishinda dhahabu 5 huko Tokyo, mojawapo ikiwa ya mita 100 kipepeo, kwa sekunde 49.45, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia. Baada ya hapo akajiunga na kundi la Nesty. Mwezi Juni 2022, katikati ya mashindano ya dunia huko Budapest, akiwa amekwisha shinda dhahabu 2, alijiondoa na kurudi nyumbani. Alikaa miezi kadhaa bila kuogelea. Hakuwa amevunjika mfupa wala kuchanika msuli. Baadaye alieleza hadharani kuwa akili yake ndiyo iliyokuwa imechoka. Nesty ndiye aliyekuwa mkufunzi wake wakati huo, na mwaka 2023 ni kwa Nesty alikorudi. Hakurudi akiwa yule wa Tokyo. Mwaka huo hata kufuzu kwa mashindano ya dunia alishindwa. Lakini mwaka 2024 aliingia katika timu ya Paris, akapata tena dhahabu katika mbio za kupokezana.

Madaktari wa michezo wanazijua dalili za mwili uliochoshwa kupita kiasi. Moyo hupiga haraka asubuhi kabla mtu hajaamka kitandani. Usingizi hauji ingawa mtu amechoka. Chakula hakina ladha. Mafua hayaishi. Kasi inashuka, na kadiri mtu anavyojilazimisha ndivyo inavyozidi kushuka. Mkufunzi asiye na ujuzi akiona kasi imeshuka huongeza mazoezi, na huko ni kumwagia moto petroli. Hata waogeleaji walio wazima hupunguziwa kazi wiki mbili au tatu kabla ya shindano kubwa, ili misuli ijijenge upya. Kasi yenyewe huonekana hapo.

Kuna na bega. Mwogeleaji wa mashindano huzungusha mikono maelfu ya mara kila siku, na kano zilizo juu ya bega husagika na kuvimba. Mtoto wako akilalamika bega linamuuma anapoinua mkono, au akilalia ubavu huo hawezi kupata usingizi, usimwambie avumilie. Mpumzishe siku kadhaa, kisha mtu anayejua atazame jinsi anavyopiga mikono, maana mara nyingi kosa liko katika namna ya kuuingiza mkono majini. Maumivu yakiendelea, mpeleke kwa daktari.

Wakati wa Michezo ya Paris Nesty alikuwa mkufunzi mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika timu ya Olimpiki ya kuogelea ya nchi hiyo. Juma lilikuwa gumu. Dhahabu ya kupokezana ilipatikana mapema, lakini siku zilipita bila mwanamume hata mmoja wa Marekani kushinda shindano la peke yake, jambo ambalo halikuwa limetokea katika Olimpiki yoyote waliyoshiriki kwa zaidi ya karne moja. Ikafika siku ya mwisho, tarehe 4 Agosti 2024, likabaki shindano la mita 1,500. Safari hii Finke hakukaa nyuma. Aliongoza tangu mwanzo, akamaliza kwa dakika 14 na sekunde 30.67, rekodi mpya ya dunia. Siku hiyo Wamarekani walishukuru kwamba Nesty aliwafunza watu wa masafa marefu.

Turudi kwetu

Wakenya nao wana historia katika shindano hilo la kipepeo, ingawa sisi huisahau kwa kuwa macho yetu yako kwa wakimbiaji. Mwaka 2008 huko Beijing, Jason Dunford wa Kenya aliogelea mita 100 kipepeo kwa sekunde 51.14 katika mchujo, akavunja rekodi ya Olimpiki, ingawa aliishikilia kwa dakika chache tu kabla haijavunjwa tena. Katika fainali alikuwa wa 5. Mbele yake, Michael Phelps na Milorad Čavić walitenganishwa na sehemu moja ya mia ya sekunde, kama walivyotenganishwa Nesty na Biondi miaka 20 kabla yao. Mwaka 2010 Dunford alishinda dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Delhi.

Lakini nishani si jambo linalonifanya niandike katika ukurasa huu wa afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji kote ulimwenguni, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika umri wa miaka 5. Nchini Marekani kwenyewe, ambako vidimbwi ni vingi, watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa vidimbwini kwa kiwango cha zaidi ya mara saba ya watoto weupe. Si kwa sababu ya mifupa. Kwa miongo mingi wazee wao walizuiwa kuingia katika vidimbwi vya umma, na mzazi asiyejua kuogelea ni nadra amfunze mwanawe.

Kwa hivyo ukimtafutia mtoto mkufunzi, usivutiwe na nishani zilizotundikwa ukutani. Kaa ukingoni siku moja utazame. Je, anawahesabu watoto wanapoingia majini na wanapotoka? Ana watoto wangapi kwa wakati mmoja? Kumi na tano walioanza jana kwa mtu mmoja ni wengi mno. Je, anamsukuma majini mtoto anayelia, eti hofu itamtoka? Mtu huyo mkimbie, kwani hofu anayoitia siku hiyo itakaa miaka 30. Muulize anajua kumpa pumzi ya mdomo aliyezama, kwa maana mtu wa namna hiyo anachohitaji kwanza ni hewa. Kumning'iniza kichwa chini ili maji yamtoke ni kumpotezea muda.

Jua pia kuwa anayezama huwa hapigi kelele. Mdomo wake unaingia na kutoka majini, hana nafasi ya kusema. Ukimwona mtu amesimama wima majini, kichwa amekirudisha nyuma na macho yamemtoka, usingoje aite. Kama hujui kuogelea usijitupe. Mrushie ule mtungi mtupu wa lita 5 uliofungwa, au kamba, au tawi refu, huku ukiita watu.

Na wewe baba mwenye suruali iliyokunjwa, hujachelewa. Kuogelea hakuumizi magoti wala kiuno, kwa sababu maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wako. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au kifafa aonane na daktari kwanza, na mwenye kifafa asiingie majini peke yake hata siku moja. Siku ya kwanza nenda na mkufunzi mahali ambapo maji yanakufika kifuani. Shika ukingo, vuta pumzi, tia uso majini, toa pumzi yote kwa mdomo na pua hadi mapovu yaishe, kisha inuka. Fanya hivyo mara 20, polepole. Halafu vuta pumzi uishike, lala kifudifudi uso ukiwa ndani, acha ukingo, legeza shingo, mikono na miguu, uhesabu hadi 5. Mgongo wako utaona unakuja juu wenyewe. Ukitaka kusimama, vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, miguu itapata sakafu. Hilo latosha kwa siku moja. Kupiga miguu kutafuata juma lijalo.